Kuzoesha ulimi Kiingereza kwa akili unde: mwongozo wa mwanafunzi wa Nairobi

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayeishi Nairobi, anayesoma Kiingereza bila taabu na kuandika barua ya kuomba kazi ikaeleweka, lakini akiketi mbele ya watu watatu wa kumhoji, ulimi unakwama. Watu wa namna hii ni wengi mno. Nyumbani ni Kikamba au Dholuo, kwenye matatu ni Kiswahili na Sheng, kazini na wenzake ni hivyo hivyo. Kiingereza kinabaki cha karatasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo mahojiano ya kazi, simu ya mteja wa ng'ambo na mtihani wa kwenda kufanya kazi nje bado vinadai Kiingereza, tena cha mdomoni.

Kinachompungukia mtu huyu si msamiati, ni muda wa kuongea. Chukua darasa la watu 30 linalodumu saa moja: hata mwalimu akinyamaza kabisa na kugawa muda sawasawa, kila mmoja anapata dakika 2. Programu za akili unde (AI) zinaweza kumpa saa nzima kila jioni, bila kuchoka wala kumcheka. Lakini ukiziacha zifanye zipendavyo, zitakuandikia majibu, zitakusomea na kukusifu, na utalala ukiwa umesikiliza Kiingereza kizuri cha mashine huku mwenyewe hujatoa hata sentensi 10. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga jambo moja: kuhakikisha anayeongea ni wewe.

1. Tafuta mahali, kisha vifaa

Simu ya kawaida ya Android inayoweza kubeba ChatGPT au Gemini, programu za akili unde za kuzungumza nazo, inatosha. ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 ilikuwa ya maandishi tu. Mazungumzo ya sauti yalianza kuongezwa Septemba 2023. Gemini nayo ina sehemu ya kuzungumza iitwayo Gemini Live. Matoleo ya bure huwa na mipaka, na mipaka hiyo hubadilika mara kwa mara, lakini kwa anayeanza sioni sababu ya kulipa chochote.

Shida kubwa ni mahali. Ukiishi chumba kimoja Kayole pamoja na ndugu wawili, na jirani anasikia kila neno kupitia ukuta wa mabati, hutaongea kwa uhuru. Ninachowashauri wanafunzi wangu ni kuweka simu sikioni kama mtu anayepigiwa simu, kisha watembee. Hakuna atakayeshangaa, jiji zima linatembea likiongea na simu. Tembea ndani ya mtaa unaokujua, au kwenye bustani ya Arboretum, ambako kuna ada ndogo ya kuingia na utulivu wa kutosha. Usifanye hivyo kando ya Moi Avenue wala kwenye dirisha la matatu, maana simu itapokonywa. Spika za masikioni zenye kipaza sauti zinafaa sana: honi na muziki huifanya mashine isikie maneno ambayo hukuyasema, nawe ukadhani kosa ni la ulimi wako.

Kuhusu bando, sauti hula zaidi ya maandishi, na video hula kupita zote, kwa hiyo zima kamera. Bando likiisha, zoezi la pili na la nne hayahitaji intaneti.

2. Jirekodi kabla hujaongea na mashine

Fungua kinasa sauti cha simu na ujibu swali "Tell me about yourself" kwa dakika 2. Usiandike kwanza. Sikiliza mara moja, andika tarehe, uhifadhi. Fanya tena kila mwisho wa mwezi, swali lile lile. Unaposikiliza, tega sikio kwa mambo matatu tu: mahali unaponyamaza kwa muda mrefu, mahali unapokimbilia Kiswahili, na sentensi ulizozianza ukaziacha njiani. Hayo ndiyo yatakayokwambia nini cha kufanyia kazi, kuliko alama yoyote itakayotolewa na programu.

3. Ipe mashine kazi, uiwekee na mipaka

Hapa ndipo wengi wanapopoteza faida. Wanafungua programu, wanasema "help me improve my English", na mashine inawamwagia hotuba kuhusu umuhimu wa mazoezi. Iambie unachotaka, tena unaweza kuiambia kwa Kiswahili, inaelewa. Nakili maelekezo haya, ubadilishe kazi na mahali kulingana na maisha yako:

"Wewe ni meneja wa hoteli jijini Nairobi. Unanihoji kwa kazi ya mapokezi. Zungumza Kiingereza chepesi. Uliza swali moja, kisha ningoje nimalize hata nikisita. Usinimalizie sentensi. Maneno yako yasizidi sentensi mbili kila zamu. Usinisifu. Baada ya maswali matano simamisha mahojiano, unieleze kwa Kiswahili makosa matatu yaliyoharibu maana, unipe sentensi iliyo sahihi kwa kila kosa, na unitake niiseme upya kabla hatujaendelea."

Kila sharti hapo lina sababu yake. Sentensi mbili ni za kuizuia mashine kuchukua zamu yako, kwa kuwa hupenda kueleza. Makosa matatu ni kwa sababu mtu akitajiwa kumi na tano, kesho harudi. Kuyasema upya ndiko kunakofunza. Kusikia masahihisho na kuitikia "okay" hakubadilishi kitu mdomoni.

Sharti la kutosifiwa nalishikilia zaidi ya yote. Mashine hizi zilifunzwa, kwa sehemu, kwa kufuata majibu yaliyowapendeza watu, na watu hupenda kusifiwa. Aprili 2025 OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, iliondoa toleo jipya la GPT-4o, mtambo ulioiendesha programu hiyo, siku chache tu baada ya kulitoa, kwa sababu lilikuwa likiwakubalia na kuwasifu watumiaji kupita kiasi. Mwanafunzi anayeambiwa kila jioni kwamba Kiingereza chake ni bora kabisa ataingia kwenye mahojiano bila kujua kwamba hamalizi sentensi zake.

Utakutana na kero moja mapema: ukinyamaza ukitafuta neno, mashine hudhani umemaliza na kurukia zamu. Programu za sauti huchukua ukimya kuwa alama ya kumaliza. Dawa yake ni kujaza ukimya kwa maneno, kama "Let me think about that" au "What I mean is". Waingereza na Wamarekani wenyewe hufanya hivyo siku nzima, kwa hiyo kero hiyo inakufunza jambo la kufaa.

Mhusika wa mashine abadilike kulingana na haja yako. Dereva wa teksi wa JKIA aifanye mgeni aliyechoka ambaye mzigo wake umepotea. Anayeuza vinyago na vikapu Maasai Market aifanye mtalii anayeomba apunguziwe bei. Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa Kiingereza kwa wanaokwenda kusoma au kufanya kazi nje, aambie mashine ifuate mpangilio wa mtihani wenyewe: sehemu ya kuongea huchukua dakika 11 hadi 14, ina sehemu tatu, na katika ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujitayarisha, kisha unazungumza hadi dakika 2. Muuguzi anayefanya OET, mtihani wa Kiingereza cha wahudumu wa afya, ana maigizo mawili ya kuzungumza na mgonjwa au jamaa yake, kila moja kama dakika 5. Aiambie mashine iwe mama mwenye wasiwasi kuhusu homa ya mtoto, iulize maswali kwa woga na isiridhike haraka. Alama za mtihani ambazo mashine itakukadiria usizitie moyoni. Haijawahi kuketi kwenye kiti cha mtahini.

4. Hadithi moja, mara tatu

Hili ni zoezi la zamani kuliko akili unde, na Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji lugha wa New Zealand, ameliandikia. Unasimulia jambo moja kwa dakika 4, kisha lile lile kwa dakika 3, kisha kwa dakika 2. Mara ya kwanza unatafuta maneno. Mara ya pili maneno yapo, unatafuta mpangilio. Mara ya tatu ulimi unaenda wenyewe.

Chagua jambo ulilolipitia: siku mvua ilipofunga barabara ukatembea hadi nyumbani, jinsi unavyopika chapati, mteja aliyekataa kulipa. Rekodi zote tatu kwenye simu. Ukiwa na bando, itumie mashine baada ya simulizi ya kwanza tu, uiulize maneno mawili au matatu yaliyokukwama, kisha uendelee peke yako. Usiiombe ikuandikie simulizi hiyo vizuri. Ikikuandikia utaisoma, na kusoma unakujua tayari.

5. Matamshi

Kwanza elewa jinsi mashine inavyokusikia. Baadhi ya programu hugeuza sauti yako kuwa maandishi, na maandishi hayo ndiyo yanayojibiwa. Katika kugeuza, hukisia kila neno kwa kutazama majirani zake. Ukisema "I live in Umoja" na kuitamka "live" kama "leave", itaandika "live", kwa sababu hilo ndilo linaloleta maana. Halafu ukiuliza matamshi yako yakoje, utaambiwa ni mazuri na mashine ambayo haikuyasikia. Zipo programu zinazopokea sauti yenyewe bila kupitia maandishi, lakini hata kwa hizo ningechukua sifa za matamshi kwa tahadhari.

Kipimo bora ni kile kinachoinyima mashine nafasi ya kukisia. Fungua mahali pa kuandikia ujumbe, gusa kipaza sauti kilicho kwenye kibodi, useme neno moja moja, bila sentensi. Anza na haya manne: hat, hut, heart, hurt. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo "a" yetu moja hubebeshwa maneno yote manne, na wengi wetu tunayatamka sawa kabisa. Tazama simu inaandika nini. Changanya mpangilio, rudia. Kisha ship na sheep, full na fool, bed na bad. Iombe akili unde ikutungie orodha ya jozi za namna hiyo zinazohusu kazi yako, na ikueleze kwa Kiswahili mdomo na ulimi vikaeje kwa kila sauti. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Kisha sikiliza neno lenyewe kwenye kamusi ya Cambridge mtandaoni, ambayo ni bure na ina sauti ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani.

Kuna msaada tulio nao ambao walimu wengi wa Kiingereza hawautumii: Kiswahili chenyewe. Sauti ya "think" ni ile ya thelathini. Sauti ya "this" ni ile ya dhahabu. Wajapani na Wafaransa wanahangaika na sauti hizi, sisi tunazo kwenye kuhesabu. Kama husema "selasini", anza kurekebisha hapo, na lugha zote mbili zitanufaika. Anayetoka kwenye Kikuyu na kuchanganya "l" na "r" afanye zoezi la kula na kura hadi simu iandike neno alilokusudia, ndipo aende kwenye light na right. Anayetoka kwenye Dholuo na kusema "sule" badala ya shule azoee hapo kwanza, kisha she na see. Wazungumzaji wa Kikalenjin, na wengi wa Kiluhya, wana kazi ya "b" na "p": bata na pata, kisha bin na pin. Hakuna aibu katika haya. Kila lugha ya mama huacha alama, na kuijua yako ni nusu ya kazi.

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kiingereza kinauhamisha: PHOtograph, lakini phoTOgrapher; PREsent ikiwa zawadi, preSENT ikiwa ni kuwasilisha. Msikilizaji wa nje anaweza kupotezwa na mkazo uliokaa vibaya, si na irabu tu. Iombe mashine ikuandikie maneno 20 unayoyatumia kazini, silabi yenye mkazo ikiwa kwa herufi kubwa, uyahakiki kwenye kamusi, kisha uyaseme ukipiga kofi kwenye silabi hiyo.

La tatu ni miisho ya maneno. Tumezoea neno kuishia kwa irabu, kwa hiyo "worked" ama hupata silabi ya ziada, ama hupoteza mwisho wake wote. Ukipoteza mwisho, umesema "I work there", na anayekuhoji anaelewa kwamba bado uko kwenye kazi ile. Soma kwa sauti orodha ya vitendo vya wakati uliopita, worked, asked, helped, finished, hadi "t" ya mwisho isikike bila irabu nyuma yake.

Lafudhi ya Kimarekani usiitafute. Wangari Maathai alisomea Kansas na Pittsburgh, na alipotoa hotuba yake ya Nobel mjini Oslo Desemba 2004 alizungumza kwa lafudhi ya Kenya, kila neno likasikika. Msikilize, simamisha, rudia sentensi yake kwa mwendo wake. Tena mashine ikishindwa kukuelewa, kosa huenda si lako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, ukakuta kwamba kwa wastani ilikosea takriban maneno 35 katika kila 100 kwa wasemaji weusi, na 19 kwa wasemaji weupe. Mifumo husikia vizuri sauti ilizofunzwa nazo. Neno likieleweka na watu watatu na simu ikalikataa, waamini watu.

6. Iombe mashine ikamate Kiswahili kilichojificha ndani ya Kiingereza chako

Baadhi ya makosa yetu hayaonekani kwenye sarufi, na yanagharimu kazi. Mtu akiulizwa kwa Kiswahili "Hujawahi kufanya kazi hotelini?" hujibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijawahi. Kwa Kiingereza, "You haven't worked in a hotel before?" ukijibu "Yes" unamchanganya, na huenda akaelewa kwamba umewahi. Na "Do you mind working at night?" ukiitikia "Yes" kwa moyo mkunjufu, umeikataa zamu ya usiku. Iagize mashine: "Niulize maswali 10 ya Kiingereza yaliyo katika kukanusha au yenye 'do you mind', na kila nikijibu niambie umeelewa nini." Rudia zoezi hili hadi likuingie. Sijaona lingine linalolipa haraka hivyo.

"Yeye" wetu hana jinsia, ndiyo maana mama wa mtu huwa "he" katikati ya sentensi. Simulia kuhusu ndugu zako, wa kike na wa kiume wakichanganyika, na mashine ihesabu mara ulizoteleza.

Kisha adabu. Kiswahili kinaweka heshima ndani ya kitenzi: naomba, unisaidie, unipatie. Ukiihamisha neno kwa neno inatoka "Give me your passport", na mgeni anasikia amri. Mashine iwe mgeni wa hoteli, na ikuambie kila ulipoonekana kumwamuru; "Could I have" na "Would you mind" zitakuja zenyewe. Vilevile "sorry" tunayoitoa kama pole mtu akijikwaa: Mwingereza anaweza kujiuliza kwani umemfanya nini.

7. Ya kuficha

Usiitajie mashine nambari ya kitambulisho, PIN ya M-Pesa, jina la mgonjwa wala siri za mwajiri wako, hata katika maigizo. Tunga majina. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na taarifa za mgonjwa zinalindwa nayo, lakini ulinzi wa kwanza ni kutozitoa. Kwenye mipangilio ya programu kuna mahali pa kuzuia mazungumzo yako yasitumiwe kufunzia mashine, patafute uyazuie. Masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi, kwa hiyo usimwachie mtoto simu na zoezi hili.

8. Rudi kwa watu, na sentensi za kujiokoa

Mashine haikukunjii uso wala haiangalii saa. Watu hufanya hivyo, na lazima uwazoee. Mtafute mfanyakazi mwenzako mkubaliane dakika 10 za Kiingereza wakati wa chai. Vilabu vya Toastmasters vipo Nairobi, na wageni hukaribishwa kusikiliza kabla ya kujiunga.

Kabla ya mahojiano yoyote, zoeza sentensi za wakati mambo yanapoharibika, kwa sababu kinachomwangusha mtu huwa ule ukimya unaofuata swali ambalo hakulisikia. Ziwe mdomoni bila kufikiri: "Sorry, could you say that again?" "Do you mean my last job or the one before?" "I've lost the word, but it's the person who checks the accounts." Hiyo ya mwisho, ya kueleza neno ulilolisahau kwa maneno mengine, ndiyo ya thamani zaidi. Ili zikae, iambie mashine iongee haraka, itumie maneno mawili magumu katika kila swali, na isikueleze chochote mpaka wewe mwenyewe uulize kwa Kiingereza. Fanya hivyo jioni tatu za mwisho. Usiku wa kuamkia mahojiano, fanya dakika 10 tu, bila msamiati mpya, kisha ulale.